Nilishona Rangi Zote, Sikuvaa Hata Moja

Ninyi mnaojifunza kushona pale kwenye kibanda changu cha zamani, mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikuwahi kuvaa sare ya mtu yeyote. Mliuliza kwa kucheka, nami niliwajibu kwa kucheka, lakini niliona mnavyoangaliana. Mzee huyu wa Cimpunda ameshonea kwaya, ameshonea mamama, yaani akina mama, wa parokia, ameshonea kila chama cha siasa kilichopita Kadutu, na yeye mwenyewe miaka yote anatembea na shati jeupe na suruali ya kijivu. Mnajiambia lazima kuna kitu. Ningekuwa ninyi, hata mimi ningeshuku. Basi leo nawaeleza, na mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe.

Kwanza kazi, maana najua wengine wenu mtaacha kusoma katikati, na afadhali muwe mmeshika la maana.

Mteja akikwambia, "Papa, shona tu vile unapenda," mwogope. Huyo tayari ana picha kichwani, na picha hiyo haina tumbo lake wala mabega yake. Mpeleke mlangoni, mwambie akuonyeshe mpita njia mmoja aliyevaa anachokitaka. Halafu wanaume. Mwanaume akipimwa kiuno huvuta tumbo ndani, hata kama ni katekista. Usibishane naye. Muulize majina ya watoto wake mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Kabla hajamaliza, tumbo limerudi mahali pake, na hapo ndipo unasoma mita yako. Na mwanamke usimtajie vipimo vyake kwa sauti mbele ya wifi yake. Nimeona arusi ikitaka kuvunjika kwa sababu ya fundi mwenye sauti kubwa.

Hayo nilifundishwa na Mzee Cirhuza, aliyetoka Nyangezi na kichwa cha mashini ya kushonea begani, akapanga chumba hapa kwetu wakati mimi bado kijana. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi. Siku moja alishika suruali niliyoikata karibu kabisa na mshono, akaigeuza ndani nje, akaniuliza nguo nyingine iko wapi. Sikuelewa. Akasema:

"Mutu anabadirika. Leo iko mwembamba, kesho anapata kazi, anakula. Acha bidole mbili ndani ya mushono. Ukikata karibu na uzi, ni kama umeshamuhukumu."

Na jambo la pili alilonifundisha, alilirudia hata alipokuwa mgonjwa: kile fundi anachokiona kwenye mwili wa mtu, na kile anachokisikia mtu akivua shati, kinabaki kibandani. Nililishika hilo kuliko katekisimu.

Sasa tuje kwenye sare. Wageni wanaofika Bukavu hudhani tunapenda tu kupendeza. Hawajui. Kwetu kikwembe cha pamoja, yaani kitenge cha sare, ni namna ya kuhesabiana. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia ina kikwembe chake, mwisho wa matanga una chake, mwezi wa akina mama una chake, na kampeni ina chake chenye uso wa mheshimiwa anayegombea kifuani na mgongoni. Watu wakipanga mstari kupanda kilima chetu, aliye juu anatazama chini na kujua nani yuko na nani. Na asiye na kikwembe anaonekana kuliko wote.

Mimi nilibatizwa Mkatoliki, nilisoma kwa masista, na mke wangu Faida ni mwimbaji wa kanisa mpaka kwenye mifupa. Lakini nilipokuwa mtu mzima nilianza kujiuliza maswali, na sikuona kwa nini niyafiche. Sikuacha kumwamini Mungu. Niliacha kuamini kwamba Mungu anamhitaji mtu wa kumwambia nani amekuja na nani amekosa. Nilikuwa nasoma Biblia yangu nyumbani, na Jumapili nilimpigia Faida nguo pasi, namsindikiza hadi mlango wa kanisa, kisha narudi. Yeye alikuwa akiniambia, "Miye nakuombeya, weye unanishoneya. Iko sawa." Na kweli ilikuwa sawa, kwetu sisi wawili.

Siasa vilevile. Nilipiga kura yangu nikaenda nyumbani. Aliyeniuliza habari ya mheshimiwa wa wakati ule nilimwambia: lile amefanya, lile hakufanya, na maji hatujayaona. Basi watu wa mheshimiwa wakasema mimi ni mpinzani, na wapinzani, kwa kuwa nilikataa kuimba nyimbo zao pia, wakasema nimenunuliwa. Walokole wa chumba cha maombi nyuma ya nyumba yetu walikwenda mbali zaidi. Walisema mtu asiye na kanisa lazima ana mahali pengine anapokwenda usiku, na wakawakataza watoto wao kuchukua vipande vya vitambaa mlangoni kwangu. Vipande vya kutengenezea mwanasesere! Nilicheka, lakini tangu siku hiyo nilianza kufunga mlango wakati wa kula.

Mwenyekiti wa shirika letu alikuwa Papa Deo. Shirika, kwa wale wasio Wakatoliki, ni majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, wanaotembelea wagonjwa na kuzika wafu wao. Papa Deo aliuza unga wa mihogo sokoni. Mtu mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima kingine. Sitamsingizia: mama mkwe wangu alipokufa, yeye ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele, matope hadi magotini, na hakuomba hata maji. Lakini alikuwa mtu asiyeacha vidole viwili. Aliwakata watu karibu na uzi.

Jioni moja shirika lilisali kwetu, maana zamu ilikuwa ya Faida. Ilikuwa wakati wa kampeni, na mheshimiwa alikuwa ametoa mabati ya kapela, kanisa letu dogo. Mimi nilikaa kwenye kona nikisikiliza kwa heshima, kama kawaida yangu wageni wakiwa nyumbani. Mwishoni Papa Deo akanigeukia.

"Papa Bisimwa, weye njo mwenye nyumba. Utufungiye na sala. Umushukuru Mungu juu ya mabati, na umuombeye mheshimiwa ashinde."

Nikasema, "Juu ya mabati, aksanti kwa ule aliyatoa. Juu ya kushinda, kila mutu ataenda na kura yake. Mungu haiko mu komite ya chama."

Nilisikia maharage yakichemka jikoni.

"Unasema mheshimiwa hakutumwa na Mungu?"

"Nasema sijuwe. Na weye pia haujuwe."

Faida akaanzisha wimbo wa kufunga, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, na watu wakaondoka bila kunywa chai. Alipokuwa anakusanya vikombe akaniambia, "Ungesemaka tu amina." Nikamuuliza kama yeye angeiamini amina ile. Akacheka, akasema hapana. Kisha akaacha kucheka. "Lakini kesho ku kanisa, ni miye nitaonana nabo. Haiko weye." Hapo nikamsaidia kuosha vikombe, kwa sababu alisema kweli.

Kazi ya sikukuu ya parokia ikaondolewa kwangu, ikapelekwa kwa fundi Mugaruka, upande wa chini. Hebu sikilizeni kilichompata, maana ni kosa ambalo mtu hawezi kulifanya mahali pengine ila kwetu. Mugaruka alikuwa na mabaki mengi ya kikwembe cha mheshimiwa, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kizito, aliona kinafaa bitana ya mifuko. Akakitia kwenye mifuko ya suruali zote za kwaya. Siku ya sikukuu, katikati ya matoleo, mwimbaji wa sauti ya nne akavuta kitambaa cha kufuta jasho, mfuko ukatoka nje wote, na mheshimiwa akachungulia akitabasamu mbele ya padre. Wenzake wakaanza kujipekua kila mmoja, na kila mfuko ulikuwa na jicho, sikio au meno ya mheshimiwa. Wimbo ulifia pale.

Nani alisingiziwa? Mimi. Eti nilimshauri Mugaruka, eti nilimlipa, eti lilikuwa dhihaka yangu dhidi ya kanisa na mheshimiwa kwa pamoja. Mugaruka mwenyewe hakukanusha. Alipata mtu wa kubeba mzigo wake, angefanya nini tena?

Haya yote ningeyameza. Kilichonikaba ni kingine. Siku hiyo ya sikukuu Faida hakuwa na kikwembe. Alikuwa amekwenda na mamama wenzake kuchukua kitambaa chake kwa Papa Deo aliyekigawa, naye akamwambia kimekwisha. Alirudi na mfuko mtupu umekunjwa mkononi, akauweka juu ya meza yangu ya kukatia, akasema tu, "Kimeisha." Sisi mafundi tunajua kitambaa kinavyokwisha, na hakikuwa kimekwisha. Alipanda kilima na gauni lake la kila siku, nyuma kabisa ya mstari, na akaimba. Mimi nilisimama barabarani nikamwona. Nilimchukia Papa Deo siku ile, na sioni haya kusema. Nilimchukia kwa miaka.

Halafu mji ukabadilisha wakubwa. Ulibadilika namna gani, mnajua, na mimi sitaandika zaidi, kwa sababu karatasi inatembea. Niseme tu kwamba uso wa mheshimiwa, uliokuwa ukifungua milango, ukawa uso wa kumtia mtu matatani. Kukutwa na kikwembe kile nyumbani kwako kulitosha kukufanya uulizwe maswali, na si kila aliyekwenda kuulizwa alirudi siku hiyohiyo.

Kuchoma hakukuwezekana, kitambaa kile kilitoa moshi mzito wenye harufu, na jirani angeuliza unachoma nini. Kutupa mtoni ndiko kubaya zaidi. Mmoja alikitupa, kikanaswa chini ya daraja, mheshimiwa akakaa pale akilitazama anga mpaka mvua ilipomwonea huruma. Sasa watu wakaanza kuja kwangu. Mchana kweupe, na mfuko wenye maharage juu na nguo chini. Walikuja walewale waliokuwa wakivuka barabara wakiniona. Kila mmoja aliniambia anataka apunguziwe nguo, na alipotoa maharage nilijua nguo gani.

Mnadhani nilifurahi kwamba wameniamini? Nilishuku kila mfuko. Nilifikiri: mmoja kati ya hawa ametumwa. Ataacha kikwembe hapa, kisha ataleta watu wakikute kwangu. Kwa hiyo sikulaza kitambaa hata kimoja. Nilikifumua mwenye nguo akiwa amesimama mbele yangu, nikakata uso vipande vyembamba kama mboga, na vipande nikavigeuza ujazo, vitu vya kutia ndani. Mito, vishikio vya sufuria, magodoro ya watoto wachanga. Jifunzeni hilo pia: ujazo wa vitambaa ukatwe mdogo, usipokatwa mdogo unajikusanya upande mmoja.

Papa Deo alikuja wa mwisho, katika mvua ya mchana. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, mtu mpana yule, na kwa mara ya kwanza sauti yake sikuisikia vizuri.

"Bisimwa, niko na ile ya mheshimiwa. Sare nzima. Na kofia."

"Unaileta kwangu juu ya nini? Fundi yako ni Mugaruka."

"Mugaruka iko na kinywa."

"Na miye?"

Aliangalia chini. "Weye hausemake kitu ya mutu. Unasemaka tu yako."

Nilitafuta mtego usoni mwake nikakuta woga tu, lakini woga nao hutega. Nikampokea. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, niliishona kabla hatujakosana, na ndani ya mishono vidole viwili vilikuwa bado vipo. Nikaikata mbele yake, nikaijaza kwenye mfuko wa jinzi kuukuu, nikaufunga kwa mshono wa mkono uliojirudia. Ukawa mto wa benchi la wateja. Alitaka kusema neno, nikamwambia mvua imepungua.

Hazikupita siku nyingi wakaja wanaume watatu. Hawakujitambulisha, nami sikuwauliza. Wawili walisimama, mkubwa wao akakaa kwenye benchi. Juu ya mto. Aliusogeza kidogo ukae vizuri, akaegemea ukuta, akasema kwa upole:

"Muzee, tunajuwa yako. Kanisa ilikufukuza. Ile chama ilikutukana. Bibi yako balimunyima kikwembe. Weye hauko wa mutu, basi hauna mutu wa kuficha. Utuambiye tu, mu hii avenue, nani na nani balishonaka ile sare?"

Wanangu, hebu fikirini. Habari ya kikwembe cha Faida waliijua kutoka kwa nani? Mtu wa jirani aliwaeleza, mmoja wetu, na hadi leo nikipita barabarani naangalia midomo. Na nitawaambia lile ambalo sikumwambia hata Faida: jina la Deo lilifika hapa, kwenye meno. Lilikuwa jepesi. Ningelisema, na lingekuwa kweli tupu, na yule aliyemnyima mke wangu kitambaa angelipa siku hiyohiyo. Nilimwona tena akilini Faida nyuma ya mstari na gauni lake la kila siku. Kisha nikaona magoti ya Deo ndani ya matope, na jeneza la mama mkwe. Nilikasirika kwamba nimeyaona. Na nilimsikia Mzee Cirhuza akinitukana.

Nikasema, "Ile sare ni miye nilishona. Yote. Kama ni kosa, fundi ni miye."

"Hatuulize fundi. Tunauliza benye kuvaa."

"Miye napimaka mabega. Jina sipimake."

"Kumbe uko wao."

"Apana. Siko wao. Hata nyinyi siko wenu."

Aliinuka polepole. Waliondoka nami, na mmoja wao akabeba kichwa cha mashini, kile cha Mzee Cirhuza kutoka Nyangezi. Huko niliulizwa swali lilelile kwa namna mbalimbali, na namna hizo nitazinyamazia. Walinirudisha kesho yake jioni. Mashini haikurudi.

Mnadhani nilipokewa kwa nyimbo? Barabara nzima ilifunga milango. Mtu aliyechukuliwa na akarudi akitembea kwa miguu yake, lazima ameuza wengine, ndivyo walivyohesabu. Wengine walikwenda kulala Kavumu kwa ndugu zao, wakingoja kusikia majina. Faida aliacha kusalimiwa kisimani. Siku zikapita, hakuna aliyechukuliwa, na bado hawakusema tumekosea. Walisema, "Anangoja nini?"

Sikukuu ya parokia ikafika tena. Papa Deo akaja nyumbani, si kibandani, na kifurushi cha gazeti kwapani. Hakuniangalia. Alimpa Faida, akasema, "Maman Faida, kitambaa ilibakiya." Na akaenda zake.

Ilikuwa asante? Ilikuwa bei ya kunifunga mdomo? Nimeligeuza jambo hilo ndani nje miaka yote na mshono wake siuoni. Faida hakuuliza. Alikikunjua kitambaa mezani akakilainisha kwa viganja vyote viwili, kwa muda mrefu. Mashini sikuwa nayo, kwa hiyo nilimshonea kwa mkono, libaya, yaani blauzi, na sketi, na nikaacha vidole viwili kila mahali. Alipanda kilima akiwa wa tatu kutoka mbele. Mimi nilimsindikiza hadi mlangoni na shati langu jeupe, kisha nikarudi nyumbani. Hiyo ndiyo nguo ya mwisho niliyoshona. Baada yake niliwaachia ninyi kibanda.

Na benchi niliwaachia, na mto juu yake. Mnaukalia kila siku mkila mikate yenu. Msiufumue.

Jambo moja tena, kabla hamjakimbia sokoni kumtafuta muuza unga mpana mwenye sauti. Hakuna Papa Deo. Yule mtu anaitwa jina lingine, na hakuuza unga, na upana nimemwekea hapa tu. Mugaruka naye si Mugaruka. Huyo niliyemwita Deo yupo mzima, anasali, anapita mbele ya kibanda chenu na pengine anawasalimu. Jina lake sikuwapa wale watatu, na ninyi pia siwapi. Ninawapenda sana, wanangu, lakini bado siwajui vizuri.